Nani Alichora Ule Mshale?

Mwaka wa pili kampasi, leki alitugawia karatasi moja ya fotokopi, nyeusi kama imepitia mashine mara mia. Juu yake kulikuwa na miduara minne, na kutoka duara moja hadi lingine kuna mshale. Duara la kwanza lina doa zito katikati. La pili lina pete. La tatu ni pete iliyokatikakatika. La nne ni vitone vidogo vimepangwa kwa mzunguko. Chini yake majina: protostele, sifonostele, diktiostele, eustele. "Hii itakuja kwa mtihani," akasema. Nikainua mkono nikauliza hiyo mishale ilitoka wapi. Nani aliona duara la kwanza likigeuka la pili? Darasa likacheka. Leki akaangalia saa.

Na kweli ilikuja kwa mtihani. Nilichora miduara, nikaweka mishale, nikapata alama zangu. Muhula uliofuata nikaacha chuo, na kabla mseme kitu, sikuacha kwa sababu ya miduara, niliacha kwa sababu ya karo. Lakini lile swali halikuniacha. Nimekaa nalo karibu miaka miwili nikisoma vitabu vya zamani vilivyowekwa bure mtandaoni, na sai naweza kulijibu. Mishale ilichorwa na watu. Wana majina. Walibishana vibaya sana. Na mmoja kati ya ile mitatu ulishafutwa kabla mimi nizaliwe, na hakuna aliyetuambia.

Tuanze na mmea wenyewe. Kangaga unalijua hata kama hulijui kwa jina. Ukienda Karura karibu na maporomoko ya maji, ukipita Limuru au Kinale ukaona yale majani yaliyochanwachanwa kama manyoya kando ya barabara, ni hayo. Halina ua, halina tunda, halina mbegu. Ukigeuza jani utaona madoa ya kahawia chini yake. Watu wengi hudhani ni ugonjwa. Kumbe hapo ndipo spora zinakaa, ile vumbi ambayo kangaga hutumia kuzaana.

Kwa muda mrefu uainishaji wa makangaga ulisimama juu ya yale madoa. Linnaeus, yule Mswidi, alipotoa kitabu chake kikubwa cha mimea mwaka 1753, aliyapanga makangaga hasa kwa umbo la madoa na mahali yalipokaa. Madoa ya mviringo, ingia hapa. Mistari, ingia pale. Ukingoni mwa jani, nenda kule. Ni rahisi na huhitaji chombo chochote, macho tu. Shida ni moja: madoa yanafanana kwa mimea ambayo haina undugu. Ni kama kupanga watu wa Nairobi kwa rangi ya jaketi. Utapata makundi, ndiyo, lakini si familia.

Mtu wa kwanza kwenye hii stori ambaye nampenda ni John Smith. Si mshairi, si waziri, ni mtunza bustani. Alizaliwa Scotland mwaka 1798, akaingia kufanya kazi kwenye bustani ya Kew, London, miaka ya mwanzo ya 1820, na kufikia 1841 akawa msimamizi wa bustani pale. Mabwana wenye majina walikuwa wanasoma makangaga yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Smith alikuwa anayamwagilia maji. Aliyaona yakichipua, yakitambaa, yakikauka. Kwa hivyo akaona kitu ambacho karatasi haionyeshi vizuri: kuna makangaga ambayo jani limeshikana na shina moja kwa moja, na mengine jani lina kiungo, likizeeka linadondoka safi na kuacha kovu. Akasema hiyo tofauti ina maana kuliko madoa. William Hooker, mkurugenzi wake, hakukubali kuyagawa makangaga vile Smith alitaka. Smith alistaafu 1864 macho yakiwa yanamwishia. Lakini alikuwa ameshageuza kichwa cha watu kutoka kwenye jani kwenda kwenye shina. Bado hakuwa amelikata, ila alikuwa ameliangalia.

Wakukata wakaja baadaye.

Shina la kangaga mara nyingi huwezi kuliona kwa sababu linatambaa ardhini. Ukilikata kwa wembe kipande chembamba ukaweka chini ya darubini, unapata ramani ya mabomba. Kuna zailemu, ambayo hupandisha maji kutoka kwenye mizizi, na kuna floemu, ambayo husambaza chakula kilichotengenezwa na majani. Kabla ya miaka ya 1880 wanasayansi walikuwa wanahesabu haya mabomba moja moja, kama fundi anayehesabu paipu bila kuuliza nyumba imepangwaje. Mwaka 1886 Wafaransa wawili, Philippe van Tieghem na Henri Douliot, wakasema acheni kuhesabu, tazameni yote kama kitu kimoja. Wakakiita stele, neno la Kigiriki lenye maana ya nguzo. Kwao shina lina ngozi, lina nyama, na katikati lina nguzo.

Hapo ndipo miduara yangu ilipozaliwa. Nguzo ikiwa imejaa, zailemu katikati na floemu ikiizunguka, ni protostele. Ikiwa na tundu la tishu laini katikati, kama bomba, ni sifonostele. Lakini makangaga mengi hayana nguzo moja wala bomba moja. Ukiyakata unaona vipande vingi vimesimama kwa mzunguko, kila kimoja kinajitegemea. Van Tieghem akasema basi hizo ni nguzo nyingi ndani ya shina moja.

Alikosea, na aliyemrekebisha ni Edward Jeffrey, Mkanada ambaye baadaye alifundisha Harvard. Jeffrey hakukata kipande kimoja, alikata mfululizo wa vipande kutoka chini kwenda juu, akavifuatilia. Chukua bomba la plastiki ulitoboe matundu makubwa mengi pande zote. Ukilitazama kwa ubavu ni bomba moja lenye matundu, karibu kama wavu. Sasa lipige msumeno katikati, utaona vipande vipande vya plastiki vimekaa kwa duara na nafasi kati yao. Mtu asiyejua atasema ni fimbo kumi. Ni bomba moja, buda. Na yale matundu yako pale mshipa wa jani unapotoka kwenye bomba kwenda kwenye jani, kila jani linaacha pengo juu yake. George Brebner akalipa bomba la hivyo jina mwaka 1902: diktiostele, nguzo ya wavu.

Mpaka hapo mimi niko na Jeffrey kabisa, manze, hiyo ni kazi safi. Tatizo ni alichofanya baadaye.

Kumbuka kipindi chenyewe. Darwin alishatoa kitabu chake 1859, na sasa kila mtu alikuwa anatafuta ukoo. Kupanga mimea kwa kufanana tu hakukutosha tena, walitaka kujua nani alizaa nani. Kulikuwa pia na wazo lililosambaa sana kwamba kiumbe kinapokua hurudia historia ya mababu zake. Na kangaga, kama limetumwa, linafanya hivyo hasa! Kangaga changa likitoka tu, shina lake lina nguzo iliyojaa. Likikua kidogo, nguzo inakuwa bomba. Likikomaa, bomba linakuwa wavu. Mmea mmoja unapitia miduara mitatu ya karatasi yangu kwa mpangilio uleule. Hebu fikiria wewe ni mwanasayansi mwaka 1900 unaona hiyo kitu kwa darubini. Ungechora mshale pia. Mimi ningechora kwa maka ya kudumu.

Jeffrey akaamini kwamba nje ya mmea inaweza kukudanganya, kwa sababu jua, upepo na ukame huibadilisha, lakini ndani hakudanganyi. Ndani ni kihafidhina, kunakumbuka. Kwa msingi huo akaigawa mimea yote yenye mabomba makundi mawili. Yenye mapengo ya majani: makangaga, misonobari, na mimea yote ya maua, kuanzia maharagwe hadi mwembe. Isiyo na mapengo: likopodi na ndugu zake wadogo wanaofanana na kuvumwani, pamoja na ekwisetumu, ule mmea wa kando ya maji wenye shina la viungo kama mianzi midogo. Mstari mmoja, kigezo kimoja, ulimwengu mzima wa mimea. Makundi hayo yakaingia kwenye vitabu vya kufundishia na yakakaa humo kwa miongo.

Mtu aliyeanza kutia mchanga kwenye hiyo mashine alikuwa shabiki mkubwa wa stele. Frederick Bower alikuwa profesa Glasgow kutoka 1885 hadi 1925, na kati ya 1923 na 1928 alitoa vitabu vitatu vinene kuhusu makangaga. Alitumia vigezo kumi na viwili kuyapanga, na mabomba ya shina yalikuwa kimoja chao. Kumi na viwili, si kimoja. Halafu akauliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaanga viazi angeuliza. Kwa nini kiazi kizima hakiivi haraka lakini chipo zinaiva? Kwa sababu ukikata kiazi unaongeza ngozi inayogusa mafuta, nyama ya kiazi ikibaki ileile. Sasa nguzo ya zailemu ikinenepa bila kubadilika umbo, ujazo wake unakua haraka kuliko uso wake. Tishu hai zinazoizunguka zinabadilishana nayo maji kupitia ule uso. Mmea ukiwa mdogo, nguzo iliyojaa inatosha. Ukinenepa, nguzo lazima itobolewe, ikunjwe au igawanywe, la sivyo uso unapungua mno kwa unene huo.

Unaona maana yake? Huenda kangaga changa lina nguzo iliyojaa kwa sababu ni dogo tu. Si lazima liwe linamkumbuka babu. Na ndani, kule ambako tuliambiwa hakudanganyi, kunabadilika kulingana na saizi.

Halafu akaja mwanafunzi wake, Claude Wardlaw, na kisu. Huyu ndiye anafaa filamu. Miaka ya 1940, vita vikiendelea, Wardlaw yuko Manchester anachukua kangaga aina ya driopterisi, anafunua ncha ya shina ambapo majani yanaanza kama vichunusi visivyoonekana vizuri kwa macho, na anaviharibu kimoja kimoja kabla havijawa majani. Shina linaendelea kukua bila majani. Halafu analikata kutazama ndani. Driopterisi kwa kawaida ina wavu. Lakini sehemu iliyokua bila majani ilikuwa na pete nzima, haina pengo. Yaani ukizuia majani, duara la tatu linarudi kuwa duara la pili, kwa mmea uleule, kwa msimu mmoja. Hakuna babu aliyebadilika. Mapengo yanafuata majani.

Hii haimaanishi mishale yote ni uongo, na hapa naomba tusikimbie kama watu wa mtandao. Mshale wa kwanza ulipata ushahidi mzito kabisa, na ulitoka kwenye jiwe. Mwaka 1912 daktari mmoja, William Mackie, aligundua karibu na kijiji cha Rhynie huko Scotland mawe yenye mimea iliyogeuka jiwe ikiwa bado imesimama, na kila seli inaonekana. Robert Kidston na William Lang wakaieleza kati ya 1917 na 1921. Mimea hiyo ina zaidi ya miaka milioni 400. Mingi yake haikuwa na majani wala mizizi, ni vijiti vinavyogawanyika mara mbilimbili, na katikati ya kila kijiti, nguzo nyembamba iliyojaa. Protostele. Kwa hivyo kuanza na nguzo iliyojaa ni kweli, kwa ground, kwa jiwe.

Lakini jiwe hilohilo likazaa kosa lingine. Kuna mmea unaoitwa silotamu, uko nchi za joto kote duniani, na unaonekana kama ufagio wa vijiti vya kijani. Hauna mizizi, majani ni kama hayapo, vijiti vinagawanyika mara mbilimbili, nguzo yake ya ndani ni rahisi. Watu wakatazama Rhynie, wakatazama silotamu, wakasema huyu hapa, babu bado anaishi. Ukapewa tawi lake peke yake kwenye vitabu. Mwamerika mmoja, David Bierhorst, alisema jamani, hili ni kangaga lililopoteza vitu vyake, na wengi hawakumfuata. Kitu rahisi si lazima kiwe cha zamani. Lile gugu la Salvinia linaloelea Ziwa Naivasha pia ni kangaga, na mabomba yake yamepungua kwa sababu linaishi ndani ya maji, halina haja ya kuyapandisha popote.

Mshale wa tatu ndio ulioanguka. Mwaka 1968 Namboodiri na Charles Beck walitoa makala tatu kuhusu mabomba ya misonobari na ndugu zake, hai na wa kale. Walichokuta ni kwamba vile vitone vya duara la nne havikutokana na bomba lililotobolewa. Vilitokana na nguzo iliyojaa, yenye matuta, iliyopasuka kwa urefu ikawa nyuzi. Ile nafasi juu ya jani ambayo Jeffrey aliiita pengo, kwa mimea ya mbegu si pengo la aina ileile. Ni uwazi tu kati ya nyuzi mbili. Makangaga na mimea ya mbegu yalifika mahali panapofanana kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1982 Beck, Rudolf Schmid na Gar Rothwell wakaweka hoja yote pamoja. Kwa hivyo mshale kutoka diktiostele kwenda eustele haupo. Eustele ilitoka moja kwa moja kwenye duara la kwanza.

Halafu DNA ikafunga kesi. Mwaka 2001 Kathleen Pryer na wenzake walionyesha kwamba ekwisetumu, ambayo Jeffrey aliitupa upande wa wasio na mapengo, iko ndani ya ukoo wa makangaga. Silotamu pia imo, na jirani yake wa karibu ni ofioglosumu, kile kikangaga kidogo chenye umbo la ulimi wa nyoka. Bierhorst hakupatia undugu kamili, lakini kwamba ni kangaga alipatia. Na likopodi kweli ziko mbali na wengine wote, kwa hivyo Jeffrey naye alipata nusu yake.

Sasa mtu ataniuliza, basi kukata mashina ilikuwa kazi bure? Hapana, na hii ndiyo sehemu inayoniuma kuhusu ile karatasi, kwa sababu haikutuonyesha mabomba yanafaa wapi. Yanashindwa ukitaka yagawe ulimwengu mzima. Yanafanya kazi nzuri ukiyatumia karibu, kati ya familia na familia, pamoja na vigezo vingine. Kwa miaka mingi makangaga mengi sana yalikuwa yamerundikwa kwenye familia moja kubwa, Polypodiaceae, kama kabati la nguo zisizokunjwa. Mwaka 1940 Mchina Ren-Chang Ching aliipasua hiyo familia kuwa 33, akitumia nywele, magamba, mishipa ya jani na mabomba. Wenzake wengine wakasema amezidisha.

Angalia mfano mmoja. Thelypteris na driopterisi zilichanganywa kwa muda mrefu kwa sababu majani na madoa yao yanafanana kweli. Lakini kata kikonyo cha jani karibu na chini. Thelypteris ina mikanda miwili ya mabomba inayotazamana, ambayo huungana kwa juu. Driopterisi ina nyuzi kadhaa za mviringo zimekaa kwa upinde. Ching aliipa Thelypteris familia yake. DNA ilipokuja, ikakuta hizo mbili ziko kwenye matawi tofauti kabisa. Wembe ulikuwa umeshasema.

Na kuna lile kangaga la Kinale na Limuru, gugu linalojaa mahali msitu umechomwa. Linnaeus alilitupa kwenye kundi la madoa ya ukingoni na kuliita la tai, na maelezo ya kawaida ni kwamba ukikata kikonyo chake kwa mshazari unaona mchoro unaofanana na tai aliyekunjua mabawa. Jina lake la sasa, Pteridium aquilinum, lilichapishwa na Mjerumani Max Kuhn mwaka 1879, na unajua ndani ya kitabu gani? Kile cha safari za von der Decken, Afrika Mashariki. Yule baron aliyejaribu kupanda Kilimanjaro 1861 na 1862, akauawa Bardera kando ya Juba mwaka 1865. Kangaga linaloota karibu kila bara, na jina linalotumika dunia nzima limeandikwa kwenye ripoti ya huku kwetu. Leo liko familia tofauti na ile ya madoa ya ukingoni. Shina lake lina nywele badala ya magamba, na ndani lina mizunguko miwili ya nyuzi, mmoja ndani ya mwingine. Duara kama hilo halikuwa hata kwenye karatasi yetu.

Mwezi uliopita nilishuka matatu Kinale na wembe mfukoni. Kondakta aliniangalia vibaya. Nilikata vikonyo kama vitano, na cha tatu nikamwona tai, ingawa ukweli alikaa zaidi kama kuku. Vidole vilibaki na rangi ya kahawia siku nzima.

Ile fotokopi bado ninayo. Nimekata mshale wa tatu kwa biro nyekundu, nikachora mwingine mrefu kutoka duara la kwanza hadi la nne. Kando ya ule wa pili nimeandika: muulize Wardlaw.